Nguzo za Mkunazini Zimesimama Kichwa Chini

Wasomaji wenzangu, kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, mimi nalisoma kama riwaya. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache tu baada ya kufungwa soko la watumwa lililokuwa hapo. Altare imewekwa pale inaposemekana palikuwa na mti waliofungwa watumwa wakichapwa, na duara la marumaru sakafuni linaonyesha mahali penyewe. Hapo jengo halihubiri, linaonyesha tu. Safi kabisa!

Udhaifu uko kwenye majina. Askofu Edward Steere, aliyelijenga, kazikwa nyuma ya altare. Msalaba wa mbao umetokana na mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone, yule aliyekaa Kwihara, jirani yetu, mwaka 1872. Je, waliouzwa? Wapo waliopitishwa hapa hapa Tabora kwa njia ya misafara. Majina yao sikuyaona ukutani.

Kinachonigusa ni zile nguzo za mahali pa ubatizo. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu akiwa safarini, naye akaziacha. Watu huzicheka. Mimi naona ile ndiyo saini pekee ya mafundi wale.

Kwa hiyo sisi chipukizi wa Isevya, tukiandika riwaya za misafara, tusianze na askofu wala mpelelezi. Tuanze na fundi, mpagazi na aliyeuzwa. Majina yao hayapo? Basi tuwabunie, jamani. Kazi ya riwaya si ndiyo hiyo?