Ifungue Knock Kabla ya Fireball

Kuna kitabu cha kanuni kinachozunguka siku hizi kwenye meza za Dungeons & Dragons, kazi ya mtu aliyejitungia nyumbani, na kila anayekisoma anakisifu kwamba kimemsawazisha mchawi na mpiganaji. Ushahidi wao ni jedwali: wastani wa pigo la mchawi kwa raundi, wastani wa mpiganaji, tofauti nusu pointi. Jedwali nimelipitia. Hesabu ni sahihi na kitabu ni kibovu.

Pigo halijawahi kuwa tatizo. Mpiganaji wa levo ya 11 katika toleo la 2014 anashambulia mara tatu kila raundi, kutwa nzima, bila kuishiwa. Taabu inaanza upanga ukisharudi alani: mto hauna daraja, mfalme hapokei wageni, mlango una kufuli. Hapo mchawi anafunua ukurasa na kusoma kitakachotokea. Mpiganaji anamtazama mwendesha mchezo na kuomba.

Kwa hiyo mimi kitabu kipya nakifungua kwenye Knock, uchawi wa kufungua kufuli, au chochote kilichowekwa mahali pake. Katika AD&D ya Gary Gygax, kitabu cha wachezaji cha 1978, mwizi wa levo ya kwanza alikuwa na asilimia 25 ya kufungua kufuli, na akishindwa hairudii kufuli ile mpaka apande levo. Mchawi wa levo ya tatu aliifungua bila kurusha dadu. Ukiishia hapo utasema mwizi kaonewa. Lakini mchawi yule alikuwa na nafasi moja tu ya uchawi wa levo ya pili kwa siku. Akikariri Knock ameikosa Web, ameikosa Invisibility, ameikosa Mirror Image, na uamuzi huo kaufanya asubuhi, hajui kama huko chini kuna mlango wowote. Nimecheza chini ya mwendesha mchezo mmoja wa enzi hizo ambaye hakusema neno mchawi anapochagua. Alishika penseli, akangoja, na meza nzima ikanyamaza, kwa sababu tulijua kosa la asubuhi tutalilipa sote usiku.

Toleo la tatu, mwaka 2000, likaifuta bei hiyo. Kila mchawi alipewa uwezo wa kuandika hati za uchawi tangu levo ya kwanza, na hati ya Knock ikawekewa bei ya vipande 150 vya dhahabu. Mchawi akajaza mkoba, nafasi zake zote zikabaki za vita, na mwizi aliyemaliza pointi zake kwenye kufuli akageuka mtazamaji. Wajanja wakastawi. Mmoja niliyecheza naye alisema anaisaidia timu, kumbe kila levo alikuwa akiinunua kazi ya mwenzake kwa dhahabu ya wote.

Kisha toleo la 2014 likaweka sentensi moja: Knock inapofanya kazi, hutoa mlio unaosikika hadi futi 300. Mlango bado unafunguka bila dadu, hakuna nguvu iliyopunguzwa. Ila sasa walinzi wameamka, na mwizi mwenye vifaa vyake ana kitu ambacho mchawi hawezi kukitoa: ukimya. Mbele ya kufuli ileile kuna njia mbili, kila moja na gharama yake, na kundi linabishana kwa haki. Huo ndio usawa ninaoutafuta. Mgeni huiruka sentensi hiyo akikimbilia dadu za pigo za uchawi wa Fireball, na waendesha mchezo wavivu huisahau mezani, kisha wanalalamika kwamba wachawi wamezidi.

Mengine ni mafupi. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kimekadiria mapambano 6 hadi 8 kwa siku; meza inayopigana mara moja na kulala imempa mchawi kila kitu, isikilaumu kitabu. Dadu ya uhai ya mchawi iwe ya pande nne. Sita ni nyingi. Akipigwa katikati ya kutamka, uchawi upotee, kama zamani, tulipokuwa tukisimama mbele yake na ngao tukijua tumesimama kwa nini. Toleo la nne, 2008, liliwapa wote muundo mmoja wa uwezo, wakawa sawa, na tofauti ya kushika upanga na kushika fimbo ikafifia. Napima kati ya levo ya tatu na ya kumi. Levo ya 17, uchawi wa Wish unapoingia, hakuna toleo lililofaulu.

Tena si lazima nguvu zilingane. Ars Magica ya 1987, ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, inatamka wazi kwamba wachawi ndio wakubwa, kisha inampa kila mchezaji mchawi wake na mhusika mwingine asiye mchawi, pamoja na walinzi wa kuchezwa na yeyote, ili kila mtu apate zamu ya kuwa mdogo. Sijaona suluhisho safi kuliko hilo. Tweet huyohuyo aliongoza usanifu wa toleo la tatu miaka 13 baadaye, na jambo hilo bado linaniuma nikiziona bei za zile hati.