Nayeche na Swali la Uraia: Simulizi ya Uhamiaji katika Turkana

Wahakiki wa fasihi simulizi aghalabu huiweka simulizi ya Nayeche katika fungu la visasili vya asili, kisha huishia hapo. Makala haya yanadai kwamba uainishaji huo, ingawa si wa makosa, unaificha hoja kuu ya simulizi yenyewe: namna mgeni anavyopata kuwa mwenyeji.

Kwa muhtasari, Nayeche ni mwanamke mkongwe wa Jie, huko Karamoja nchini Uganda, aliyefika peke yake katika bonde la mto Tarach. Vijana wa Jie waliofuata nyayo za fahali aliyepotea walimkuta akiishi kwa matunda ya mwitu, na fahali yuko naye. Akawaonyesha nchi, wakarudi kuwaita wenzao, na kutokana na makazi yao ikazuka jamii ya Waturkana. Ukuu wa Nayeche katika masimulizi haya hautokani na kuzaa bali na kuonyesha. Jamaa haipo mwanzoni mwa safari. Inapatikana mwishoni mwake.

Dola la kikoloni lilileta maana nyingine ya kufika Turkana. Lokitaung, kaskazini mwa nchi hiyo, ndiko walikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953, hadi Kenyatta alipohamishiwa Lodwar mwaka 1959. Hapa mgeni haonyeshwi nchi. Anafungiwa ndani yake. Kinaya ni kwamba mfungwa huyo ndiye aliyeshika serikali uraia wa Kenya ulipoanza mwaka 1963.

Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilianzishwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, kando ya Tarach uleule. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye mama au baba yake ni raia. Kumweka mama sawa na baba ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, kuzaliwa nchini pekee hakutoshi: mtoto wa wakimbizi wawili aliyezaliwa na kukulia Kakuma angali mgeni. Sheria inaanza na jamaa pale ambapo simulizi inaishia.

Jambo hili linagusa taaluma yetu moja kwa moja. Fanani wa Nayeche akibadili tukio, sisi tunasifu utajiri wa matoleo. Mkimbizi akibadili tukio katika mahojiano, anashukiwa uwongo. Simulizi ya jamaa yake inatakiwa isimame kama maandishi, ilhali imetoka katika kumbukumbu na hofu. Mhakiki anayejua tabia ya masimulizi ana wajibu wa kusema kwamba kutofautiana si ushahidi wa hila.

Yamkini mpingaji atajibu kwamba Nayeche alikuta nchi wazi, na Kakuma ina wenyewe. Hoja hiyo ni nzito, kwani mwenyeji wa leo ana ukame wake na mifugo wake wa kulisha. Lakini wenyeji hao ndio waliohifadhi simulizi inayokiri kwamba wao pia walikuja. Uraia unaosahau safari hiyo ni halali kisheria; kifasihi, umeukata mwanzo wa hadithi yake.