Mikono Inayosimulia

Mchezaji wa dansi ya vogu akiingia ukumbini, mtazame mikono kwanza. Kiganja kinageuka kioo, vidole vinapaka poda shavuni, kifundo kinazunguka bila kukoma, na maisha ya mtu yanasimuliwa bila neno.

Mchezo huu ulikulia Harlem, New York, kwa Wamarekani weusi na Walatino waliokataliwa makwao kwa jinsi wanavyopenda au wanavyojitambua. Waliunda nyumba zao, yaani familia za kuchaguana zinazoshindana ukumbini, kila nyumba na mama yake. Ulipofika Auckland, New Zealand, uliwakuta watu ambao mikono yao tayari ilikuwa na mafunzo. Kundi la FAFSWAG, lililoanza 2013, limewakusanya wasanii wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki, wakiwemo fa'afafine wa Kisamoa: waliozaliwa na mwili wa kiume wakaishi kwa namna ya kike, nao Samoa inawajua tangu zamani.

Katika siva, dansi ya Kisamoa, magoti hukunjwa kidogo, nyayo husogea taratibu, na mikono ndiyo yenye kusema. Katika taualuga, ngoma ya kufungia sherehe, binti wa chifu hucheza kwa utulivu mkubwa huku wenzake wakimzunguka kwa vurugu, hata kujitupa chini kumtukuza. Kwangu mimi, uzuri wa vogu mikononi mwa watu hawa ni kwamba mtu mmoja hubeba kazi zote mbili. Akiwa wima ni binti wa chifu, ghafla ni yule anayejitupa.

Kujitupa huko kunataka subira ya miaka. Mguu mmoja unakunjwa chini ya mwili, wa pili unanyooka, mgongo unapinda hadi sakafuni, na yote yatue sawasawa na mshindo wa muziki. Anayetazama huona mtu ameanguka. Kumbe mapaja na tumbo vimemshusha hatua kwa hatua, na asiyejua kujishusha huumia goti.

Mwaka 2022 FAFSWAG walishiriki maonyesho ya sanaa ya documenta, Kassel, Ujerumani. Nilifurahi. Hata hivyo, ujuzi huu ulipikwa kwa ajili ya ukumbi mwingine, ule ambao majaji, wapinzani na mama wa nyumba wanajua goti linapaswa kuwa wapi, nao hawanyamazi likikosea.