Macho Hayana Pazia: Siri ya Taharuki katika The Silence of the Lambs

Kila aliyesoma fasihi shuleni anaikumbuka taharuki: ile hamu ya kujua kitakachofuata, inayomfanya msomaji afunue ukurasa mwingine ilhali usingizi umeshamwelemea. Filamu haina ukurasa wa kufunua. Ina kamera, sauti na mkono wa mhariri. Ndiyo maana kila filamu inaponiacha nimekaza mabega, hurudi kuitazama upya nijue ni wapi hasa iliponishika.

The Silence of the Lambs, iliyoongozwa na Jonathan Demme mwaka 1991 kutokana na riwaya ya Thomas Harris, ilinishika kwa macho. Damu imo, lakini si damu inayonirudia usiku. Kinachonirudia ni nani anamtazama nani, na mimi mtazamaji nimewekwa upande gani.

Clarice Starling, anayeigizwa na Jodie Foster, ni mwanafunzi wa upelelezi katika chuo cha FBI kule Quantico. Mapema kabisa anaingia kwenye lifti iliyojaa wanaume warefu kumpita, nao wanamtupia macho kimyakimya. Hakuna aliyemgusa wala kumtolea neno baya. Hata hivyo, tumeshaonyeshwa maisha yake: msichana huyu hutazamwa kutwa nzima.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Kwa desturi ya sinema, watu wawili wakizungumza, kila mmoja hutazama kando kidogo ya kamera. Demme na mpiga picha wake, Tak Fujimoto, waliivunja desturi hiyo upande mmoja. Bosi wa Clarice, Crawford, Dkt. Chilton wa hospitali ya wagonjwa wa akili na mfungwa Hannibal Lecter, mara nyingi wanapozungumza na Clarice, hutazama ndani ya lenzi yenyewe. Clarice akijibu, macho yake hupita pembeni kidogo. Kwa hiyo yeye tunamwona, lakini wale wanatuona sisi. Chilton anapomtongoza, ni sisi tunaotaka kurudi nyuma. Kwa mtu aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, kukaziwa macho namna hii ni kupimwa, na skrini haikupi pa kuyapeleka yako.

Chumba cha Lecter kimejengwa kuitumikia kanuni hiyohiyo. Mbele yake hakuna nondo, kuna kioo. Nondo zingeukata uso wake vipande, lakini kioo kinauacha mzima. Tunapofika, amekwisha kusimama wima, ametulia, kama mwenyeji aliyesikia hodi kabla mgeni hajaipiga. Anthony Hopkins hapandishi sauti wala hapepesi macho ovyo. Kadiri mazungumzo yanavyoendelea picha zinabana, hadi nyuso zinajaza skrini na kioo kinasahaulika. Lecter anatoa fununu za muuaji anayesakwa, Clarice analipa kwa kumbukumbu za utotoni mwake. Aliyetumwa kuchunguza anachunguzwa yeye, na kamera imeshatuweka mahali pake.

Ustadi wa pili ni wa mhariri, Craig McKay. Karibu na mwisho, askari wanaizingira nyumba ya mshukiwa huko Illinois. Mmoja aliyejifanya mleta maua anabonyeza kengele. Tunahamishiwa kwenye chumba cha chini, ambako muuaji, Jame Gumb, amemfungia binti wa seneta ndani ya shimo. Kengele inalia ukutani. Gumb anapanda, anafungua mlango, na aliyesimama nje ni Clarice, peke yake, huko Ohio. Askari wamevunja nyumba tupu.

Filamu haikutudanganya, kwa maana tulijua tangu awali kwamba Clarice yuko Ohio. Ilichofanya ni kuyategea mazoea yetu: picha mbili zikiungwa kwa mlio mmoja, tunaamini mahali ni pamoja. Akili yetu ndiyo iliyoshona uongo huo, na ndiyo maana unauma. Filamu ilizoa Oscar 5 kubwa, ikiwa ya tatu tu katika historia kufanya hivyo: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na mswada wa Ted Tally. Ya uhariri haikuipata. Kwangu mimi, mlango ule peke yake uliistahili.

Kasoro ipo. Lecter amechongwa kwa subira, lakini Gumb ameachwa kama mkusanyiko wa vituko. Watetezi wa haki za mashoga Marekani walilalamika wakati ule kuhusu alivyochorwa, nami naona walikuwa na hoja. Filamu inayotaka tuingie akilini mwa watu ilimfungia huyu mlango.

Turudi kwa Clarice, ndani ya nyumba ya Gumb: taa zinazimwa. Clarice anapapasa gizani, bastola mkononi, nasi ghafla tunamwona katika rangi ya kijani, kupitia miwani ya Gumb ya kuonea usiku. Saa nzima na zaidi tumekuwa tukiona kwa macho ya Clarice. Sasa tumenyang'anywa, tumekabidhiwa macho ya anayemwinda. Mkono wa Gumb unanyooka hadi karibu na nywele zake. Clarice anaelekeza uso kwetu wala hatuoni, nasi hatuna namna ya kumwambia.

Kinachomwokoa ni sikio. Gumb anakoki bastola, mlio unasikika, Clarice anageuka na kufyatua. Risasi inavunja dirisha lililozibwa, mwanga wa mchana unaingia, naye anaona tena. Tukio hilo lisingekuwa na uzito huo kama lisingetanguliwa na saa nzima ya kutufundisha kutazama pamoja naye. Kwa hiyo ninapoirudia filamu hii siruki kwenda kwenye giza. Naanzia kwenye lifti.