Vitabu vya picha visibomoe vinachojenga

WIKI jana nilikabidhiwa vitabu vinne vya picha vilivyotungwa na wanafunzi wa shule moja ya upili ili wasomewe watoto wa gredi ya kwanza. Mada: kutobaguana. Michoro, kusema kweli, ni ya kupigiwa mfano.

Kimoja kinamwonyesha msichana aliye kwenye kiti cha magurudumu akidaka penalti, wenzake wakishangilia. Lakini maandishi chini ya picha yanasema eti 'anaugua ulemavu'. Anaugua nini, jamani? Ulemavu si ugonjwa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinataka mtu mwenye ulemavu arejelewe kwa lugha isiyomdunisha.

Isitoshe, wenzake wanamkubali baada tu ya kudaka penalti. Je, mpira ungempita? Mtoto asiye hodari naye ana haki ya kucheza.

Siwalaumu vijana hawa. Lugha hiyo wameirithi kwetu. Nimewashauri wabadilishe kitenzi kimoja na kuhamisha ukurasa mmoja: urafiki uje kwanza, penalti ifuate. Wakifanya hivyo, nitakuwa wa kwanza kumsomea mjukuu wangu.