Mganga, Daktari na Kwao: Maoni juu ya Hadithi ya Tabibu Arejeaye Kijijini

Kisa cha kijana aliyesomea udaktari, akarejea kijijini kwao, akapambana na mganga wa kienyeji na kumshinda, waandishi chipukizi hukipenda mno. Nataka kukipima kwa maneno mawili, mganga na kwao. Na mahali pa kukipimia pawe milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kwa kuwa huko kisa hicho hakisimami kwa urahisi.

Hadithi hizo humwita kijana daktari na mpinzani wake mganga, kana kwamba lugha yenyewe imekwisha kuwatenga. Haikuwatenga. Daktari mwenye kusimamia tiba ya mkoa mzima huitwa rasmi Mganga Mkuu wa Mkoa, na mkuu wa hospitali ni mganga mfawidhi. Jina ni lile lile la Kibantu alilo nalo mzee wa mizizi. Dawa ni neno la Kiarabu, walakini Waswahili wamelitia katika chupa na katika kibuyu pasipo kuona tofauti. Ebrahim Hussein aliitambua nguvu ya neno hilo katika Kinjeketile (1969). Maji ya mchezo ule hayazuii risasi, lakini neno lake likishatoka halirudi kinywani, wala Kinjeketile mwenyewe, akiwa mikononi mwa Wajerumani, hakubali kulikana. Wanahistoria wameyahusisha maji hayo na Kolelo, mzimu wa Uluguru ulioombwa mvua na rutuba.

Neno la pili ni zito zaidi. Kwa desturi ya Waluguru, ukoo, yaani lukolo, hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa upande huo huo. Mjomba ana sauti kubwa. Hadithi zetu humpeleka daktari nyumbani kwa babaye, kisha humsimamisha baba mlangoni akikataza mtoto asichomwe sindano. Kwa Uluguru, mwandishi huyo amebisha hodi nyumba siyo.

Tena yafaa kutazama elimu hufikaje milimani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru kulima matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo. Mimi sioni kwamba walioyakataa matuta waliikataa rutuba. Waliikataa amri, na jasho walilotozwa. Linganisha na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao 2,000,000 nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakachimba vyoo. Litazame jina lenyewe: maneno matatu, wala hamna kitenzi cha kuagiza. Daktari wa hadithi zetu, kwa bahati mbaya, husema kwa amri kuanzia ukurasa wa kwanza.

Na daktari wa kweli je? Vedasto Kyaruzi, mzaliwa wa Bukoba aliyesomea Makerere, aliongoza chama cha Tanganyika African Association mwaka 1950. Serikali ikamhamishia hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na mji wa Morogoro, halafu Nzega. Wengi wameuona uhamisho huo kuwa njia ya kumtenga na siasa. Alifika Morogoro, basi, lakini si kwao, wala si kwa hiari. Mwaka 1961, kwa hesabu aliyozoea kuitaja Mwalimu Nyerere, madaktari wenyeji walikuwa 12 tu katika nchi nzima. Watu wa namna hiyo hawakujichagulia kituo. Barua ya uhamisho haimo kabisa katika hadithi hizo, nami naona pengo hilo ni kubwa kuliko makosa ya sarufi tunayoyahesabu kila siku.

Ningependa kusoma hadithi ambayo daktari Mluguru amepangiwa Nzega, na Mnyamwezi ndiye apandaye kwenda Kolero na sanduku lake la dawa, hajui Kiluguru, akaketi kwanza barazani kwa mjomba wa mgonjwa na kungoja aulizwe habari za safari.