Injini Inayomisi Baada ya Kutengeneza Mwenyewe: Anzia Palipoguswa

Gari limekwenda vizuri hadi Ijumaa, Jumamosi likafunguliwa boneti, na jioni ya siku hiyo hiyo likaanza kumisi. Mshukiwa wa kwanza ni kazi iliyofanyika Jumamosi. Kulisema hili ni rahisi, lakini ndilo linalosahaulika kabla ya mengine yote. Mwenye gari anakimbilia dukani kununua koili nne, fundi wa kwanza anataja nozeli, wa pili anataja pampu ya mafuta, na pesa inamwagika kwenye vifaa ambavyo juzi vilikuwa vizima. Pampu ya mafuta inaweza kufa wakati wowote, hilo sikatai. Ila kwamba ife saa ile ile uliyomaliza kufunga plagi ni sadfa ambayo mtu hapaswi kuiamini kabla hajakagua kila kitu alichokishika.

Nachukua mfano wa injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 (cc 1497) tunayoikuta kwenye Probox, IST, Premio na Allion zinazoletwa kutoka Japani. Ina silinda 4, valvu 16, mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na kila plagi ina koili yake juu. Tuseme mwenyewe amebadilisha plagi zote nne, akaweka gasketi mpya ya tapeti kava iliyokuwa ikivuja oili, akaosha throto, na betri aliichomoa muda wote wa kazi. Akawasha. Injini ikashika, lakini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka hadi usukani unacheza, na kwenye mlima gari linakatakata kana kwamba mafuta yanaisha. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi.

Kabla ya kushika spana tena, chunguza ni wakati gani hasa inamisi. Katika injini hii kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankishafti. Kwa hiyo sailensa ikiwa mizunguko 700 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 350 kwa dakika, karibu mara sita kwa sekunde. Silinda moja ikiwa imekufa, pengo lake hujirudia kwa mpangilio, na ukiweka kiganja nyuma ya bomba la ekzosi utausikia mdundo ukiruka mahali pale pale. Mtetemo usio na mpangilio, unaopotea na kurudi, unaashiria jambo linalozigusa silinda zote: hewa au mafuta.

Tofauti ya pili ina uzito zaidi, na nasikitika kwamba mafundi wengi hawaiulizi. Je, gari linamisi zaidi likiwa limesimama au likiwa na mzigo? Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, hewa nyingi huingia kwenye silinda na kubanwa kwa nguvu. Cheche inayoruka kwenye mwanya wa plagi inahitaji volti nyingi zaidi kupita katika hewa iliyobanwa hivyo. Koili hutoa makumi ya maelfu ya volti, na umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia rahisi. Penye udhaifu wowote kwenye plagi au kwenye mpira wa koili, umeme utapitia huko, na cheche haitatokea ndani ya silinda. Ndiyo maana kumisi kwenye mzigo hutupeleka kwanza kwenye mfumo wa moto. Injini inayotetemeka kwenye sailensa kisha ikatulia ukikanyaga mafuta hutupeleka kwenye hewa inayoingia kwa wizi.

Gari la mfano wetu lina dalili zote mbili. Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu wanatafuta kosa moja litakaloeleza kila kitu. Mtu aliyegusa plagi, koili, tapeti kava na throto kwa siku moja anaweza kabisa kuacha makosa mawili yasiyohusiana.

Hatua inayofuata ni mashine ya kupima, na namba zote za hitilafu ziandikwe kabla hazijafutwa. Kufuta namba ili kuona kama taa itarudi, bila kuziandika, ni kuchoma ushahidi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mwingine hayaelewani na vile vipimo vidogo vya bei nafuu vya kuunganisha na simu. Kwenye Toyota nyingi za umri huo unaweza kuunganisha tundu namba 4 na namba 13 la soketi ya kupimia kwa waya mfupi, ukafungua swichi bila kuwasha injini, kisha ukahesabu taa ya injini inavyopepesa. Hesabu matundu kwa uangalifu mkubwa, maana namba 16 ina umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Tuseme kwenye mashine ya kupima zimetoka namba mbili: P0302 na P0171. Ya kwanza inasema silinda ya pili inamisi, na silinda zinahesabiwa kuanzia upande wa mnyororo wa taimingi, yaani upande wa mikanda. Ya pili inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Tazama pia namba ambazo hazikutoka. Koili za Toyota za aina hii zina waya nne, na mmojawapo hurudisha taarifa kwa kompyuta kwamba koili imefanya kazi. Taarifa hiyo isiporudi, katika magari mengi hutokea namba kati ya P0351 na P0354. Hapa hakuna, kwa hiyo soketi za umeme za koili zimeshika na waya ni nzima. Ingekuwa kinyume chake, ningeanza na vile vishikizo vya plastiki vinavyopaswa kulia “tak”. Baada ya miaka mingi ya joto hukauka na kukatika, na soketi hubaki imekaa tu bila kufunga.

Taa ya injini ikipepesa wakati gari linakwenda, simamisha safari. Kompyuta inakuambia kwamba petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kwenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi. Masega hayo hupata joto hadi yakayeyuka ndani, na bei yake inazidi mara nyingi bei ya plagi nne.

Sasa tunaifuata P0302, na kanuni ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Injini ikiwa imezimwa, hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3, na ya 3 uilete ya 2. Futa namba, endesha, pima. Ikitoka P0303, koili ndiyo mbovu, na umejua bila kununua chochote. Katika mfano wetu namba imebaki P0302, kwa hiyo koili imeachiwa huru. Sasa hamisha plagi ya 2 uipeleke ya 4, na ya 4 uilete ya 2. Endesha tena. Inatoka P0304. Kosa limehama pamoja na plagi, na plagi yenyewe ni mpya kabisa.

Upya wa kifaa huwafunga watu macho kuliko uchakavu. Plagi mpya ikisafishwa na kutazamwa chini ya taa, kwenye kauri nyeupe unaonekana mstari mwembamba mweusi unaotoka juu hadi kwenye chuma. Kauri imepasuka. Hutokea soketi ya plagi inapoinamishwa wakati wa kukaza, au plagi inapoanguka sakafuni kisha ikaokotwa na kufungwa kama kawaida. Ufa huo hauonekani kirahisi, lakini umeme unauona mara moja: badala ya kuruka mwanya ndani ya silinda, unateleza nje ya kauri hadi kwenye chuma. Kwenye sailensa cheche inaweza bado kufaulu mara nyingi. Kwenye mlima inashindwa.

Kubadilisha plagi hiyo peke yake hakutoshi. Geuza mpira wa koili uliokuwa juu yake utazame ndani. Umeme ukishapita mahali huacha njia ya masizi, na njia hiyo hupitisha umeme hata baada ya plagi kubadilishwa. Mpira wenye mstari mweusi ubadilishwe. Bila hivyo gari litatulia kidogo, kisha litarudia ugonjwa wake, na mwenyewe ataamini kwamba plagi haikuwa tatizo.

Kwa kuwa tumefika kwenye plagi, kagua na mwanya. Plagi za kawaida zenye namba 11 mwishoni mwa majina yake, kwa Denso na NGK, zimetengenezwa na mwanya wa milimita 1.1. Plagi iliyoangushwa kwa ncha mwanya wake hujifunga. Plagi bandia zenye nembo za kampuni hizi zipo sokoni, na mwanya usiolingana kati ya plagi nne za boksi moja ni sababu tosha ya kuzirudisha dukani. Kukaza nako kuna kipimo: silinda hedi ni ya aluminiamu, kwa hiyo plagi izungushwe kwa mkono hadi ikae, ndipo spana iongeze. Kwa plagi mpya ya milimita 14 yenye washa, NGK hupendekeza nusu hadi theluthi mbili za mzunguko baada ya kukaa. Anayekaza kwa nguvu zote za bega anaharibu hedi, na iliyolegea huvujisha mgandamizo na kupata joto kupita kiasi.

Angalia pia shimo la plagi kama lina oili. Juu ya mashimo hayo, chini ya tapeti kava, kuna mipira ya duara inayozuia oili isishuke. Mtu akinunua gasketi ya pembeni peke yake akaacha mipira hiyo ya zamani, oili huingia taratibu na kulainisha mpira wa koili hadi uharibike. Maji ya kuoshea injini huleta shida ile ile kwa haraka zaidi.

Imebaki P0171, na hapa ndipo kipimo kinapofanya kazi ambayo macho hayawezi. Kompyuta hupima hewa inayopita kwenye sensa iliyo baada ya filta, kisha hutoa mafuta kulingana nayo. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi ikigundua hewa imezidi, kompyuta huongeza mafuta na kuandika asilimia ya marekebisho hayo. Injini nzima huwa karibu na sifuri, na ikipita 10 kwenda juu nina wasiwasi. Soma ikiwa sailensa, kisha soma kwenye mizunguko 2,500. Tuseme sailensa inaonyesha asilimia 22, na kwenye 2,500 inashuka hadi 5. Hilo ni tundu baada ya sensa. Hewa ya wizi haiongezeki kwa kiasi kile ambacho hewa halali inaongezeka throto inapofunguka, hivyo sehemu yake katika jumla inakuwa ndogo. Kama marekebisho yangepanda kadiri unavyokanyaga mafuta, ningeshuku sensa yenyewe iliyochafuka au mafuta yasiyofika vya kutosha.

Tundu liko wapi? Rudi kwenye orodha ya vilivyoguswa. Ili kunyanyua tapeti kava ni lazima kuchomoa mpira wa kupumulia unaotoka kwenye valvu ya PCV kwenda kwenye manifoldi ya hewa. Mpira wa umri huo ukivutwa hupasuka, na mara nyingi upande wa chini, usioonekana ukiwa umesimama mbele ya gari. Upapase kwa vidole kwa urefu wake wote, injini ikiwa imezimwa. Kagua na mipira midogo ya vakyumu, klipu ya bomba kubwa la hewa, na kijiti cha kupimia oili kama kimerudi hadi mwisho. Wapo wanaopuliza dawa ya kuoshea kabureta kwenye injini inayonguruma ili kusikia mabadiliko. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inashika moto, na ekzosi ya moto iko karibu sana. Vidole na tochi vinatosha kwa kosa la namna hii.

Throto iliyooshwa huleta mkanganyiko wake. Kompyuta ilikwisha kuzoea throto yenye masizi, na uchafu ukitoka hewa inapita zaidi. Betri ikichomolewa, mazoea hayo hufutika. Sailensa kupanda na kushuka kwa muda baada ya hapo ni jambo la kawaida: acha injini ipate joto, iungurume bila kuguswa na AC ikiwa imezimwa, kisha endesha kidogo. Usumbufu ukiendelea baada ya hapo, kuna kosa. Na throto ya umeme isisukumwe kwa kidole wakati swichi iko wazi, wala sensa ya hewa isipulizwe dawa ya kabureta, kwa sababu ina waya mwembamba unaodhurika. Ina dawa yake.

Magari ya zamani kidogo, kama Corolla zenye injini ya 5A-FE, yana distribyuta na waya ndefu za plagi. Huko kosa la kwanza kutafutwa ni waya mbili zilizobadilishana nafasi. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na ukikosewa injini hupiga milipuko kwenye ekzosi au inakataa kuwaka kabisa.

Silinda ikiendelea kumisi baada ya koili na plagi kuhamishwa, zamu ni ya nozeli na soketi yake, kisha mgandamizo wa silinda zote nne kwa geji. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, kazi imehama kwenye uwanja wa valvu na pistoni. Mnyororo wa taimingi nisingeugusa: kufungua tapeti kava peke yake hakuuhamishi, na fundi anayeupendekeza kabla ya kupima mgandamizo aulizwe amepima nini.

Baada ya kubadilisha plagi, mpira wa koili na mpira wa PCV, futa namba na uliache gari lilale. Asubuhi liwashe likiwa baridi, liendeshe hadi lipate joto, lipande mlima ule ule, kisha soma tena marekebisho ya mafuta na namba zinazosubiri kuthibitishwa, maana hizo hujitokeza kwenye kipimo kabla taa haijawaka. Plagi iliyopasuka ivunjwe kabisa kabla ya kutupwa. Ikiachwa inang'aa kwenye rafu ya gereji, itafungwa kwenye gari la mtu mwingine.